Karibu, Mjomba

Mzee Hashimu wa Mji Mpya, Morogoro, alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia hapa duniani, nacho ni jicho lake. Miaka ishirini na tisa alikaa kwenye benchi la kiwanda cha tumbaku akichambua majani: hili daraja la kwanza, hili la pili, hili takataka. Hanusi, hapimi, anatazama tu. Wenzake wakampa jina la Mizani. Alipostaafu alirudi nyumbani na kikohozi, baiskeli moja, na imani kwamba hata binadamu ni jani, ukimgeuza kwenye mwanga utamjua daraja lake.

Imani hiyo ilikuwa imeshamponza mara moja, na hapo ndipo penye kidonda. Kwao ni Kinole, juu Uluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yupo, analisha, anasomesha, lakini siku ya posa anayetazamwa usoni ni mjomba. Akisema ndiyo, imepita. Akisema hapana, chukueni mkeka wenu mwende. Dada yake Maimuna ana mabinti wawili, Asha na Riziki, na kwa kuwa wajomba wengine wote walishatangulia mbele ya haki, mzigo ulibaki kwake peke yake.

Miaka saba nyuma alikuja mtu kumposa Asha. Amevaa suti, anaongea taratibu, kikombe anakishika kama amezaliwa nacho. Mzee Hashimu alimtazama kwa muda wa chai moja tu akatamka, "Huyu daraja la kwanza." Mwaka wa tatu wa ndoa Asha alirudi asubuhi moja na begi la nguo, meno mawili ya mbele hayapo. Aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyolala. Mpaka leo yupo hapo nyumbani, na mjomba wake akipishana naye ukumbini hutazama sakafu.

Sasa ikaja posa ya Riziki, mdogo mtu, mwalimu wa shule ya msingi huko Kisaki, ambako treni ya TAZARA ikipita watoto wanatoka darasani kuipungia. Mposaji ni kijana wa Dar, jina lake Idrisa, fundi wa majokofu, aliyemwona Riziki mara moja kwenye harusi Mazimbu na hakupata usingizi tena, kama alivyosema mshenga. Mshenga alimaliza maneno yake mazuri, akasubiri jibu.

"Safari hii sitaki mambo ya chai," Mzee Hashimu akamwambia. "Nataka siku nzima. Nimwone akiwa na njaa, akiwa juani, akichoka, akiudhika. Jumapili nitajibu."

"Hilo dogo," mshenga akasema. "Jumamosi panda treni. Kijana atakupokea stesheni Dar, atakutembeza mji mzima, umtazame mpaka macho yakuume."

Riziki alipigiwa simu na mama yake, akaambiwa mjomba anakwenda kumkagua mchumba. Akajibu, "Haya, mama." Basi.

Kabla hatujapanda treni, kuna habari ya simu. Ramadhani iliyopita mtu alimpigia Mzee Hashimu akilia: "Mjomba, ni mimi mpwa wako, nimepata ajali, nitumie kwa namba hii." Mzee akatuma fedha, kumbe hakuna mpwa wala ajali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo namba asiyoijua ikimwita mjomba, kwake huyo ni mwizi, hana mjadala. Na namba ya Idrisa alipewa, tena imeandikwa vizuri kwenye karatasi. Karatasi iko kwenye mfuko wa kanzu ya Ijumaa, na kanzu iko kwenye msumari nyumbani. Ndiyo hivyo.

Treni ya umeme ilimchukua Kihonda asubuhi na mapema, na kabla hajamaliza kuzoea kiti akaambiwa hii ndiyo Dar. Akashuka kwa ngazi zinazotembea zenyewe, ameshikilia ukuta wa ngazi kwa mikono miwili, kofia ya kijani kichwani, koti la kahawia mwilini. Watu wengi, kila mmoja ana haraka yake. Akasimama, akaangaza. Na hapo mlangoni alikuwa kijana mrefu, msafi, ameinua kibao cheupe chenye herufi kubwa: KARIBU MJOMBA.

Jamani, wewe ungefanyaje? Mzee Hashimu alikwenda moja kwa moja.

"Shikamoo mjomba!" kijana akasema, meno yote nje.

"Marahaba, mwanangu."

"Kutoka Morogoro?"

"Morogoro."

"Ni wewe mwenyewe wa leo?"

"Ni mimi. Mjomba mwingine hakuna, wote wamekufa."

Tabasamu la kijana likayumba kidogo. "Pole sana, mjomba. Mimi niite Kaptaini, ndilo jina la mjini. Gari liko huku."

Mimi nisikufiche, msomaji, maana sipendi kukuzungusha kama alivyozungushwa mzee wa watu. Huyu Kaptaini hakuwa Idrisa. Alikuwa mtembeza wageni wa kikampuni kidogo kiitwacho Mjomba Matembezi, ambacho kila mgeni wake huitwa mjomba, awe Mzungu, awe Mchina, awe mama wa makamo. Siku hiyo alikuwa anamsubiri mzee mmoja mstaafu kutoka Morogoro, ambaye watoto wake walishalipia kila kitu. Mstaafu huyo aliamka na homa akaghairi, akapiga simu ofisini, na ofisini wakasahau kumwambia Kaptaini. Idrisa naye, mposaji halisi, alikuwa mlango wa pili wa stesheni ile ile, shati limepigwa pasi, anamtafuta mzee mwenye kofia ya kijani.

Mzee Hashimu alikaa kiti cha mbele akaanza kazi iliyomleta, kutazama. Kucha za kijana zimekatwa. Mkanda amefunga. Gari linanukia vizuri.

"Gari lako hili?"

"Hapana mjomba, la ofisi. Langu bado lipo kwenye maombi."

Mkweli, mzee akasema moyoni. Yule wa Asha alisema gari ni lake.

Hawajafika mbali simu ikalia. Namba haijulikani.

"Shikamoo mjomba, ni mimi, niko hapa stesheni, wewe uko wapi?"

"Tapeli mkubwa we!" Mzee Hashimu akalipuka. "Ramadhani ulinila, bado hujashiba? Mjomba wako nani? Laana!" Akakata, anahema.

"Umewajibu sawasawa, mjomba," Kaptaini akasema. "Siku hizi wamezidi."

Basi wa kwenye simu akaitwa tapeli, wa kwenye kibao akaitwa mkwe.

Kituo cha kwanza kilikuwa soko la samaki la Feri. Kaptaini akamkalisha kwenye benchi, akamletea bakuli la supu yenye vipande vyeupe vinavyotafunika kama mpira. Mzee wa milimani, aliyekulia mihogo, magimbi na ndizi za Kinole, akala mpaka tone la mwisho. Akasifia.

"Samaki gani huyu?"

"Pweza, mjomba. Hii supu ndiyo dawa ya wazee. Leo usiku, mjomba, mke wako ataomba poo!" Kaptaini akacheka, na muuza supu akacheka, na wabeba samaki wawili waliokuwa karibu nao wakacheka.

Mzee Hashimu alikohoa mpaka machozi. Mkwe amemnywesha mjomba wa mchumba wake dawa ya nguvu za kiume, tena mbele za watu! Kinole mtu wa hivyo angelipishwa mbuzi. Akamgeuza kijana kwenye mwanga, akamtazama huku na huku. Uso wa kijana hauna hata chembe ya dharau. Pengine ndiyo desturi ya Pwani, akajiambia. Pengine ndivyo wanavyoonyesha heshima. Akajifuta mdomo, lakini ndani hakuelewa, na tangu pale asubuhi nzima hakuelewa vizuri tena.

Wakapanda pantoni kwenda Kigamboni. Watu wa Morogoro tunauita mji wetu mji kasoro bahari, tunatamba nao hivyo hivyo, lakini ukisimama juu ya chuma kinachotikisika na hiyo bahari yenyewe ikaanza kupumua chini ya miguu yako, unaona afadhali kasoro ibaki kasoro. Mzee Hashimu alishika chuma, macho yamezama chini kwenye maji. Kaptaini hakumcheka. Alimshika mkono, akasimama upande wa upepo ili asipigwe nao, akasema, "Tazama mbele mjomba, usitazame chini." Mkono wake ulikuwa mkavu na imara. Mzee akampenda pale pale. Nasema kweli, alimpenda kama mtu anavyompenda mwanawe.

"Kijana," akasema, sauti inashindana na injini. "Nataka uniambie bila kuficha. Riziki unaitakia mema?"

Yeye alikusudia kusema *unamtakia*, lakini pantoni ilipiga honi na ulimi ukateleza. Kaptaini akaona mzee ameanza hekima zake.

"Nani asiyeitakia mema riziki, mjomba? Mimi riziki ndiyo kila kitu. Naamka saa kumi alfajiri kwa ajili yake."

"Kwa ajili yake! Na ukishapata?"

"Nashukuru Mungu. Naitunza. Riziki haitaki dharau, mjomba. Ukiipiga teke leo, kesho inakukimbia, na ikishakukimbia hairudi."

Mzee Hashimu akageuza uso. Ukiipiga inakukimbia. Alimwona Asha mlangoni na begi lake, na kinywa chake. Huyu kijana anajua, akasema moyoni, huyu mtu ameletwa na Mungu. Kilichomkera ni ile *i*. Inakukimbia, naitunza, ukiipiga. Kwa nini anamtaja binti wa watu kana kwamba ni kapu? Lakini Dar nao Kiswahili chao wanajua wenyewe, akaamua, hata ngazi zao zinatembea.

Waliporudi ng'ambo ya mjini wakaenda Makumbusho ya Taifa. Tiketi Kaptaini akaonyesha karatasi tu, hakuna aliyedaiwa kitu. Mzee alitaka kutoa chochote, akazuiwa: "Mjomba, leo mfuko wako ulale, kila kitu kimeshalipwa." Mwenye uwezo, tena hajionyeshi, mzee akaandika moyoni. Kisha akasimamishwa mbele ya kioo, na ndani ya kioo kuna fuvu.

"Huyu ni binadamu wa zamani sana, alifukuliwa kule Olduvai," Kaptaini akaeleza kwa furaha. "Umri wake karibu miaka milioni mbili."

Mzee Hashimu akatazama fuvu, fuvu likamtazama. Akili yake ikazunguka. Katika posa zote alizowahi kuzisikia, watu huonyeshwa shamba, nyumba, ng'ombe, wakizidi sana cheti cha shule. Huyu anaonyesha mfu. Ana maana gani? Anataka kusema ukoo wao ni wa kale? Au anamkumbusha mzee kwamba naye hana siku nyingi, afanye haraka kujibu?

"Ni ndugu yenu?" akauliza kwa tahadhari.

"Ni ndugu yetu sote, mjomba!"

"Sisi wa Kinole hatuna ndugu wa hivi," Mzee Hashimu akasema, na Kaptaini akacheka mpaka mlinzi akamwambia apunguze. Akampiga picha mzee na fuvu. Kila walipokwenda alimpiga picha. "Simama hapo mjomba, cheka kidogo, usikunje uso." Mzee akafikiri ni picha za kupeleka kwa wazazi wa kijana, ili nao wamkague mjomba. Ikawa anavuta tumbo ndani kila kamera ikiinuliwa.

Simu ikalia tena, namba ile ile. "Mjomba, tafadhali usikate, mimi ni Id..."

"Id mubarak kwako na ukoo wako wote!" Akakata. Ikalia tena, akataka kutukana, kumbe ni Maimuna.

"Kaka, mmeonana na kijana?"

"Niko naye hapa. Ananionyesha mafuvu."

"Mafuvu ya nani?"

"Hata mimi sijui, dada. Lakini ni kijana mzuri. Mzuri sana." Akamtazama Kaptaini anayepanga kamera. "Mwambie Riziki mjomba wake ametazama."

Mchana wakapita Daraja la Tanzanite wakaenda kukaa Coco Beach, chini ya mwavuli wa makuti, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati yao, pilipili na chachandu pembeni. Jua kali. Kaptaini alikuwa amechoka, jasho linamtiririka, ana njaa, na bado alimmegea mzee vile vipande laini, vile vyenye mizizi akala yeye. Mzee Hashimu aliyaona yote hayo. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme, mwanangu, nimeridhika. Simu ya Kaptaini ikalia kabla yake.

"Eh, mke wangu. Homa imeshuka? Mpe maji mengi. Nikitoka hapa napitia dawa. Haya, na mimi pia."

Mzee Hashimu aliacha kutafuna.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mama watoto, mjomba. Mdogo wetu anaumwa."

"Una mke?"

"Ninaye! Mwaka wa sita huu. Watoto wawili, na wa tatu yuko njiani." Akatabasamu kama mtu anayeonyesha fedha aliyookota.

Mzee Hashimu akaweka kipande chini. Wake wawili si haramu, hilo analijua, babu yake alikuwa na watatu. Lakini hakuna aliyetaja. Mshenga hakutaja. Tena linasemwa hivi hivi, mdomo umejaa muhogo!

"Na huyo mkeo," akauliza polepole, "habari za Riziki anazijua?"

"Riziki?" Kaptaini akashangaa kidogo na maneno ya wazee, lakini kazi yake ni kuwaridhisha wageni. "Anajua mjomba, sana tu! Yeye ndiye anayenisukuma. Kila asubuhi ananiambia, nenda baba, riziki ya leo isikupite. Hata dua ananiombea."

Sasa mwanamke gani huyu? Mwanamke gani anaamka alfajiri kumwombea mumewe dua apate mke mwingine? Mzee Hashimu aligeuza jambo hilo upande huu, akaligeuza upande ule, likakataa kukaa. Akaomba radhi, akaenda pembeni mchangani, akampigia dada yake.

"Maimuna, hakuna ndoa. Ana mke! Ana watoto! Na mkewe ndiye anayemtuma!"

"Anamtuma nini?"

"Sijui! Anamwombea dua! Mwambie Riziki hakuna, nimekataa."

Maimuna alianza kulia huko huko, na Mzee Hashimu akasimama amelipa jua mgongo, uchungu umemjaa. Hakukasirishwa na kijana hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku nzima amemtazama, kwenye maji, kwenye jua, kwenye njaa, na kila alipomgeuza aliona daraja la kwanza. Mara ya pili sasa. Ningekuwa peke yangu na yule wa Asha siku nzima, akajiuliza, si ningemwona hivi hivi?

Wakageuza kurudi stesheni. Simu ikalia. Namba ile. Safari hii hakuwa na nguvu za kutukana.

"Kijana," akasema, "acha wizi. Tafuta kazi ya halali."

"Ninayo mjomba," sauti ikasema. "Mimi ni fundi." Mzee akakata.

Stesheni, Kaptaini alimpa karatasi na kalamu. "Mjomba, hapa unaandika maoni yako tu, umeridhika ama hukuridhika. Ofisi inataka."

Kumbe siku hizi wanajibiwa kwa maandishi! Afadhali, maana mdomoni yasingetoka. Mzee Hashimu alikaa kwenye benchi akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama alivyokuwa akiandika lebo za marobota. Kaptaini akaichukua, akaisoma kwa sauti, uso ukibadilika kila neno: "Kijana ana adabu, ni mkweli, ana huruma. Lakini ana mke. Riziki hapati."

Akasoma tena.

"Mjomba! Nimekukosea nini? Kuwa na mke ni kosa? Ndiyo uniapize nisipate riziki? Mimi nina watoto, mjomba!"

"Sijakuapiza! Nimesema Riziki humpati. Kama una mke ungesema tangu mwanzo!"

"Kwani wageni wote niwaambie kama nina mke?"

"Wageni gani? Mimi ni mgeni? Mimi ni mjomba wa Riziki!"

"Riziki nani?"

"Binti yetu! Mwalimu! Unayemposa!"

Watu walishasimama kutazama. Kaptaini alishika kichwa kwa mikono miwili. Na hapo katikati ya watu akapenya kijana mfupi, shati limemganda mgongoni, midomo imekauka, macho mekundu kwa kusimama kutwa nzima. Akaitazama ile kofia ya kijani. Akapiga goti moja.

"Shikamoo, mjomba. Samahani, nimesikia umemtaja Riziki. Mimi ndiye yule tapeli wa kwenye simu."

Mambo yalinyooka polepole, na kila mmoja alichangia kipande chake. Kaptaini akapiga simu ofisini, akaambiwa, lo, tulisahau, mgeni wako hakuja. Idrisa akaeleza kwamba kwenye simu alijaribu mara tatu, mshenga hapatikani, kwa mama mkwe aliona aibu kupiga, na nyumbani asingeweza kwenda akaacha mgeni wake amepotea, kwa hiyo alibaki hapo hapo kungoja treni ya kurudi. Mzee Hashimu alisikiliza yote. Akaomba karatasi nyingine, akamwandikia Kaptaini maneno mazuri yasiyo na mke ndani yake, na Kaptaini akamshika mkono kwa mikono miwili akaenda kununua dawa ya mtoto.

Wakabaki wawili kwenye benchi. Treni ilikuwa imebakiza nusu saa. Mzee Hashimu akamgeukia Idrisa, akalikaza lile jicho lake, akamtazama kwa nguvu zake zote. Hakuona kitu. Aliona kijana mwenye jasho, basi. Daraja halikuja. Akajaribu tena, halikuja. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, kwa sababu Kisaki kuna binti anayesubiri neno lake na yeye hana neno. Akatoa simu.

"Riziki, mwanangu. Mama yako amekuambia nimekataa?"

"Ameniambia, mjomba."

"Nilikosea. Siku nzima nilikuwa natazama mtu mwingine. Mchumba wako yuko hapa, ndiyo kwanza tumeonana." Akamtupia Idrisa jicho. "Mimi sijui, mwanangu. Nimetazama, sijui. Wewe mwenyewe unamtaka?"

Huko Kisaki mlango ukasikika ukifungwa.

"Mjomba," Riziki akasema, "hata mimi sijui. Nilimwona mara moja, tena kwa mbali, ameshika sahani ya pilau. Mpe simu."

Idrisa akaipokea kama anapokea kitu cha moto, akasimama, akasogea hatua mbili. "Ndiyo... Ndiyo, naelewa... Hapana, peke yangu... Nitafika... Sawa, mwalimu." Akairudisha.

"Nimemwambia aje Kisaki," Riziki akamwambia mjomba wake. "Akae, tuongee, nimtazame mwenyewe. Nikimkataa nimemkataa."

"Vizuri. Nitamsindikiza."

"Wewe usije, mjomba. Utanichagulia dereva wa treni."

Mzee Hashimu alicheka. Alicheka kwenye benchi na Idrisa akacheka naye bila kujua kwa nini, na kwenye treni alicheka tena peke yake mpaka jirani yake akahama kiti. Baada ya Ruvu kicheko kikaisha, na alichobaki nacho njia nzima mpaka Morogoro ni lile swali alilokuwa amemuuliza Riziki leo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya ujomba.

Nyumbani walikuwa wamemwekea chakula. Maimuna alikuwa amelala, kichwa kinamuuma kwa kulia na kisha kufurahi na kisha kutoelewa. Asha ndiye aliyemtengea, wali na mchicha, akaja na jagi na beseni kumnawisha. Mzee Hashimu akanyoosha mikono. Hakutazama sakafu.

"Asha," akasema. "Mwaka ule. Ningekuuliza, ungesemaje?"

Maji yaliendelea kutiririka juu ya vidole vyake.

"Ningekataa, mjomba," Asha akasema, akampa taulo.